Bakuli la Kunde la Mama Diarra

Katika kiwanja cha Mama Asetu Diarra, pale Bamako, watu walitia rangi bazee, kitambaa cha pamba kinachong'aa, midomo ikiwa imefungwa. Mama yule alikuwa na ulimi, jamani. Ukiharibu kidogo tu, anaanza na wewe, anamaliza na bibi yako aliyelala kaburini. Basi watu wakajifunza kuficha. Bazee yenye doa ilikunjwa doa likiwa ndani, mteja akaligundua siku ya sherehe, Mama akafoka zaidi, na watu wakazidi kuficha.

Aliyethubutu kumjibu alikuwa mmoja tu, naye si fundi. Ni Worokia Traore, mpishi, mwanamke mnene mwenye macho ya kuchekacheka. Kilichomlinda ni ukoo. Traore na Diarra ni watani tangu mababu. Wanaitana walakunde, tusi lao la kuchekeshana, hadi msibani, na anayekasirikia utani ndiye anayeaibika. Siku ya kwanza kazini Worokia alimkuta Mama akifoka, akatua sufuria lake taratibu, akauliza nani kamfungulia kamba mlakunde huyu. Mafundi walitamani kujificha ndani ya mapipa ya rangi. Mama akageuka, akamuuliza ukoo wake, na alipousikia akasema ndiyo maana harufu ya kunde imemfikia tangu barabarani. Wakacheka wote wawili hadi machozi.

Tangu siku hiyo mafundi wakawa wajanja. Mtu akikosea, anajipitisha jikoni kama anayetafuta maji, anamnong'oneza Worokia. Chakula kikishapakuliwa, Worokia anaufikisha ujumbe: Diarra, mafundi wako wameambukizwa macho yako mabovu, bazee ya yule bibi wa sokoni wamempa mke wa imamu. Mama anacheka, kisha anatuma mtu akabadilishe. Worokia akavimba kichwa. Alijiona yeye ndiye anayeendesha kiwanja, na nyama nono zaidi zikawa zinabaki kwenye sahani yake.

Ikaja kazi ya harusi, bazee ya zambarau ya ukoo mzima wa bibi harusi. Ilipotolewa kwenye pipa ilikuwa imeungua kwa magadi makali ya kukolezea rangi, ukiishika inachanika. Pipa hilo alikabidhiwa Burama Sangare, kijana mpole ambaye mkewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Sangare hana utani na Diarra, hana pa kujificha. Mama akamwambia akusanye vitu vyake aondoke.

Lakini wote walikuwa wameona. Burama alitia magadi yake kwa kipimo. Kisha Mama, simu sikioni, akibishana na mteja, akapita na kumimina mengine juu yake. Sasa kila jicho likageukia jikoni.

Worokia akatoka akijifuta mikono, amejiandaa vizuri. Akasema kunde zimempanda Diarra kichwani, magadi kayamimina mwenyewe halafu anamsingizia mtoto wa watu. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamgeukia Burama na kumuuliza kwa nini bado yupo. Worokia akaongeza chumvi, akamtaja na babu yake Mama, Mama akazidi kucheka. Burama alikuwa anakunja nguo zake za kazi.

Hapo Worokia akaogopa kweli. Mdomo wake ulikuwa umezoeleka kwa mzaha, na sasa ukweli nao ulionekana mzaha. Akavua aproni. Bila utani alikuwa mpishi tu, na wapishi Bamako wamejaa.

"Mama Asetu," akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita hivyo. Hata wapiga bazee kule nyuma, wanaoitwanga kwa marungu ing'ae, wakashusha marungu yao.

"Sikutanii. Burama alitia magadi, ukaja wewe na simu yako ukatia tena. Nilikuona. Ukitaka kufukuza, nifukuze mimi, maana niliona nikanyamaza, nikawa natafuta maneno ya kukuchekesha."

Mama akatazama pipa. Akaitazama simu mkononi.

"Nani mwingine aliona?"

Mzee mmoja wa wapiga bazee akainua rungu lake. Akafuata wa pili, kisha mikono yote ikawa juu, mingine ya zambarau, mingine ya kijani. Mama akajikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakufoka, na hilo likawatisha zaidi.

"Wote," akasema. "Mkamsubiri mpishi."

Kisha akamuuliza Worokia kapika nini. Wali na mchuzi wa karanga, akajibiwa. Na lile sufuria dogo unalojipikia mwenyewe? Worokia akaduwaa, akaenda kuleta bakuli la kunde. Mama Asetu Diarra akala kunde mbele ya Traore, mbele ya wafanyakazi wake wote, tonge baada ya tonge, aibu ambayo kina Traore watawasimulia wajukuu. Worokia alikuwa na maneno ya kumrushia, mengi na matamu. Akayameza.

"Burama," Mama akaita, "rudisha hizo nguo. Njoo tule."

Burama akanawa, akachuchumaa, akatafuna polepole kama anayepima.

"Mama," akasema, "hata ile ya kijani ya jana ulizidisha magadi."

Mkono wa Mama ukasimama juu ya bakuli. Worokia akafumba macho.

"Kwa kiasi gani?" Mama akauliza, akamsogezea bakuli.