Glasi Mbili za Sebuleni

Katika miji ya mawe ya Derbyshire, kule Hettie Bagshaw alikozaliwa na kuolewa, neno sheri, ile divai tamu na kali ya glasi ndogo, halitembei peke yake. Watu husema "sheri kidogo", hata kama glasi imejazwa mara tatu. Mtu akinywa bia, amekunywa. Akinywa wiski, amelewa. Lakini bibi wa makamo akimaliza nusu chupa ya sheri kabla ya chakula cha Jumapili, huyo amechangamka tu, na ole wako useme vingine. Sheri hupewa kasisi akija kutembelea, hutiwa kwenye kitindamlo cha Krismasi, na mwanamume akithubutu kuiagiza baa atachekwa mpaka siku ya maziko yake.

Hettie hakuwahi kuionja. Alikuwa Mmethodisti, na alipokuwa na miaka kumi na minne alitia sahihi ahadi ya kutogusa kileo maisha yake yote. Hata hivyo aliifahamu kuliko wanywaji wenyewe, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alifanya usafi nyumbani kwa Daktari Lascelles, na ni yeye aliyeosha zile glasi ndogo zenye miguu myembamba.

Daktari alikuwa na desturi yake. Habari za kawaida, yaani vikohozi, mimba na miguu iliyovunjika, alizitolea kwenye chumba cha matibabu, amesimama. Habari za kifo alizipeleka sebuleni. Humkaribisha mtu aketi kwenye kiti cha ngozi, hufunga mlango, kisha huuliza kwa sauti laini, "Utachukua sheri kidogo?" Mzee Ollerenshaw, mfugaji wa kondoo, aliulizwa hivyo mwezi wa pili, na kondoo wake hawakumaliza kuzaa kabla hajazikwa. Hettie alikuta glasi mbili kwenye sinia, akajua. Kila mara alijua, na kila mara jioni alimwambia mumewe, Clem.

"Leo nimeosha mbili."

"Nani tena?"

"Yule mwalimu wa watoto wadogo."

"Maskini wee! Huyo daktari wako, siku akiniambia mimi niketi, naruka dirishani."

"Utaruka na tumbo hilo?"

Wakacheka, ndiyo, walicheka. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, lakini nani hutia maji wakati nywele zake bado anazipenda?

Ukaja mwaka 1961, mwezi wa kumi. Clem alikuwa amevunja mawe machimboni miaka thelathini, na kikohozi chake kilikuwa kimeanza kumwamsha akiwa amelowa jasho. Akapigwa picha ya kifua. Juma hilohilo Hettie, aliyekuwa ameficha uvimbe kwapani tangu kiangazi, alishindwa kuendelea kuuficha. Daktari akakata kipande, akakituma kikapimwe. Majibu yote mawili yakawa yanangojwa kwa pamoja. Mume na mke hawakuyazungumza. Waliulizana kuhusu viazi, kuhusu makaa, kuhusu paka wa jirani, na kila mmoja akawa anaogopa kivyake.

Jumanne, saa nne asubuhi, Hettie alikuwa amepiga magoti akisugua shaba za mahali pa moto, daktari alipoingia sebuleni na kufunga mlango nyuma yake.

"Bi Bagshaw, acha hiyo kazi. Karibu uketi."

"Nina masizi, Daktari. Nitachafua kiti."

"Keti tu, tafadhali. Utachukua sheri kidogo?"

Damu ikamkauka mwilini. Maneno hayo alikuwa ameyasikia nyuma ya mlango mara nyingi asizoweza kuhesabu, lakini hayakuwahi kumtazama usoni. Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alitaka kuuliza ni nani, na aliogopa kuuliza, maana mdomo usipofunguka wote wawili bado wanaishi.

"Mimi ni Mmethodisti, Daktari," ndicho alichoweza kusema.

"Najua. Mungu atakusamehe hii moja."

Akaishika glasi kwa mikono miwili, akainywa yote kwa mkupuo, jinsi mtoto anavyomeza dawa chungu. Ilikuwa tamu. Hilo lilimtisha zaidi.

"Uvimbe wako ni mafuta tu," daktari akasema. "Hauna neno kabisa."

Na hapo, kabla akili haijafika mbali, moyo wa Hettie uliruka kwa furaha. Si mimi! Ahsante Mungu, si mimi! Ilikuwa pumzi moja tu. Pumzi ya pili akaona daktari bado ameinamisha kichwa.

"Ni Clem. Mapafu. Akijaliwa, atafika Pasaka. Na usimwambie. Mwanamume akijua hukata tamaa. Mwambie ni kikohozi cha baridi."

"Ndiyo, Daktari," Hettie akasema. Huko daktari husikilizwa kuliko mhubiri.

Akaosha glasi zote mbili, akazifuta, akazirudisha kabatini. Dukani akanunua peremende za mnanaa, akatafuna nne mfululizo, na njia nzima akafanya mazoezi ya uongo wake: kikohozi cha baridi, kikohozi cha baridi.

Clem alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Mbona mapema?"

"Kazi imekwisha mapema."

"Haya, lete koti nikusaidie."

Akamsogelea, akafungua kifungo cha juu, akasimama hapohapo. Akanusa.

"Hettie. Umekunywa nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Wewe huna kikohozi. Mwenye kikohozi ni mimi." Alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Hiyo si dawa. Amekuketisha kwenye kile kiti."

Clem akawa mweupe kama chokaa ya machimboni.

"Niambie, mke wangu. Ni mimi au ni wewe?"

Alitafuta ule uongo aliokuja nao njia nzima, hakuuona.

"Ni wewe, Clem."

"Na uvimbe wako?"

"Mafuta tu."

Clem alijishika kwenye meza, akaketi taratibu, machozi yakimtiririka. "Ahsante Mungu," akasema. "Ahsante Mungu. Juma zima nimeomba iwe hivi."

Hettie akapiga magoti pale sakafuni kati ya maganda ya viazi, akauficha uso wake kwenye mkono wa shati la mumewe, Clem asije akautazama.