Vitu Alivyosahau Shangazi

Shangazi yangu alishona sare za shule maisha yake yote ya kazi, na katika kazi hiyo hakuwahi kusahau hata kifungo. Kwa hiyo alipoanza kusahau vitu tulipaswa kushtuka mapema.

Alianza baada ya nyumba ya shamba kupata wageni. Ni nyumba ya babu na bibi. Walipofariki, Shangazi alibaki humo peke yake na paa linalovuja, mpaka chama kimoja cha wasanii kikaomba kuitumia: wachoraji na wachongaji wawe wanakuja kukaa miezi kadhaa, wafanye kazi zao kwa utulivu, na chama kitengeneze paa. Kwenye kikao cha familia, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yeye.

"Waichukue!" alisema. "Mimi nimechoka kulala na beseni miguuni."

Akahamia kwetu mjini, chumba cha uani.

Wiki haikuisha, akaaga. Amesahau chujio shambani. Duka la jirani yetu limetundika machujio mlangoni, unayagonga na kichwa ukiingia, lakini yeye alisema chai yake haiwezi kuanza kuzoea chujio jipya uzeeni. Akapanda basi asubuhi, akarudi jioni na chujio lake, uso umemnawiri. Baadaye akafuata mkasi. Kisha miwani ya zamani ambayo haoni nayo. Safari moja alifuata kifuniko cha sufuria, sufuria yenyewe akaiacha palepale jikoni.

Siku hiyo ya kifuniko nilimsindikiza, nikajionea. Sebule ambayo babu alikuwa akisikilizia redio ilikuwa imejaa vumbi la mbao, na katikati yake amesimama mchongaji, kijana mrefu asiyevua kofia. Mwenzake, mchoraji, alininong'oneza kwamba hata kuoga anaoga nayo. Shangazi alifungua madirisha yote, akakung'uta mapazia, akamvua mchoraji shati ili amshonee kifungo, ndipo akasimama mbele ya sanamu.

"Huyu mbona hana shingo?"

"Ndiyo mtindo, Shangazi."

"Mtindo gani wa kumnyima mtu shingo? Akiitwa atageukaje?"

Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Shangazi akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, mahali alipokuwa akichambua maharage tangu akiwa msichana, na muda wa basi ulipofika nikamwita mara tatu ndipo akainuka. Nikaelewa. Alikuwa amepakumbuka kwao, basi. Lakini mtu aliyepiga kelele "waichukue" mbele ya familia nzima atarudi vipi kusema hivyo? Kila alichokiacha kule kilikuwa ruhusa yake ya kurudi.

Tatizo lilikuwa baba. Baba, ambaye ni mdogo wake, ni fundi umeme, na mtaani wanamwita Mara Moja kwa sababu hawezi kuvumilia kazi inayofanywa vipande vipande. Safari za dada yake zilimtia huruma. Siku moja, bila kumwambia mtu, aliazima pikapu, akarudi na kila kitu: cherehani, sanduku, sufuria isiyo na kifuniko, hata vibanio vya nguo alivyovinyofoa kwenye kamba.

"Dada, nimekumalizia kazi," alisema, anafuta jasho kwa fahari. "Huna tena cha kufuata kule."

"Ahsante, mdogo wangu."

Akavikagua kimoja kimoja. Nilijua anatafuta kilichopungua. Hakikupungua kitu. Jioni ile hakumaliza chai yake, na siku zilizofuata alishinda uani katikati ya mali yake yote. Iliniuma sana. Nilitaka kumwambia aende tu, ila ningeanzaje bila kumuumbua?

Aliyetuokoa ni mchongaji. Alikuwa na shughuli zake mjini, akapita kutusalimia, kofia kichwani.

"Shangazi, mbona umetutupa?"

"Nije kufanya nini? Vitu vyangu vyote si hivi hapa?"

Kijana akaangalia cherehani, akaangalia sanduku, akaangalia vibanio. Akanywa chai yake polepole. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya cherehani, akaaga na kutoka, upara wake unang'aa juani.

"Kijana! Kofia!" Baba aliruka kutoka kitini.

Shangazi akamdaka shati. "Hebu kaa chini. Ameshafika mbali huyo."

Alikuwa hapo getini, anafunga kamba za viatu, taratibu mno.

Jumamosi Shangazi alipanda basi na kofia kwenye mfuko. Kwapani alibana mwavuli, ingawa angani hapakuwa na wingu. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye gauni, anacheka peke yake.

"Dada, mwavuli uko wapi?" baba aliuliza.

"Jamani! Nimeusahau."

Baba akafungua mdomo aseme ataufuata yeye. Nikamkanyaga mguu.