Kijiti Juu ya Bati

Mimi ni mbishi, sikatai. Nilizaliwa hivyo, nikaolewa hivyo, na nyumba yangu ya bati niliijenga hivyo hivyo.

Miaka hiyo ya hamsini, ukisimama uani kwetu Kiogoro ulikuwa unaona dunia mbili. Mkono wa kulia, mbali kidogo, mji wa Kisii: maduka, ofisi za serikali, msikiti, vyote vya pembe nne na paa za mabati zinazometameta jua likitoka. Mbele yako, ng'ambo ya mto, walikoolewa shangazi za mume wangu: nyumba za msonge tupu, zimeezekwa nyasi, na kwenye ncha ya kila paa kijiti kimoja kimesimama wima. Kijiti hicho si pambo. Maana yake mwenye nyumba yu hai. Akifa, wanaume hupanda wakaking'oa, na aliye ng'ambo akitazama tu anajua boma lile limefiwa. Hakuna haja ya kutuma mtu.

Mume wangu alifanya kazi Kericho, kwenye mashamba ya chai. Nyumba yangu ya nyasi ilivuja kila masika, na shemeji zangu, ambao ndio wangeiezeka, hawakukosa sababu: leo nyasi mbichi, kesho kuna pombe kwa fulani. Mwanamke naye, kwetu, hapandi juu ya paa. Binti yangu akashikwa na kifua, akakohoa mvua nzima mpaka nikadhani nitamzika. Alipopona nikaapa kwamba masika yajayo hatalala tena chini ya tone. Nikauza wimbi na ndizi, mume wangu akajazia kutoka kwenye mshahara wake, nikaita fundi.

Fundi alikuwa Mjaluo wa mjini, mtu wa kanisa na mwenye adabu. Alipopigilia bati la mwisho akanitazama kutoka juu, akauliza kijiti kikae wapi, maana paa hili halina ncha, lina mgongo.

"Hayo ni mambo ya nyasi," nikamwambia. "Shuka unywe uji."

Hilo ndilo kosa langu, na ninalisema waziwazi.

Kesho yake jua lilipotoka bati likawaka, na ng'ambo yote ikalitazama. Waliona paa jipya. Hawakuona kijiti. Uji haujachemka, nikasikia kilio kinashuka bondeni. Shangazi walikuwa mbele, mikono kichwani. Maskini mimi, nikadhani wamefiwa wao! Nikakimbia kuwapokea, nikaangua kilio pamoja nao. Tulilia pale uani kwa muda mzuri, tukipeana pole, hadi shangazi mkubwa aliponiuliza maiti ataletwa lini kutoka Kericho.

Nilipowaambia kwamba mume wangu ni mzima, hakuna aliyecheka. Mtu ameliliwa akiwa hai. Huo ni mkosi. Baba mkwe akaja, akasimama nje ya ua na kunipa mgongo, kwa kuwa kwetu mkwe haingii kwa mwanawe wala hasemezani na mkaza mwana ana kwa ana. Maneno yake yaliletwa na mama mkwe. Bati lishuke kabla mwanawe hajarudi. Nyasi zirudi.

Shemeji zangu, waliokosa nafasi ya kuezeka miaka yote ile, siku hiyo walileta ngazi mara moja. Nikamchukua binti yangu, nikakaa naye kwenye kipawa cha kwanza cha ngazi. Niliogopa, tena sana. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "mwambie baba kwa heshima zote. Kijiti nitakiweka. Bati halishuki."

Nilishinda hapo kutwa, na siku ya pili nikashinda tena. Siku ya tatu mume wangu akafika. Habari ya kifo chake aliipata njiani, Masimba, aliposhuka kwenye lori kununua ndizi na mwuzaji anayemfahamu akamkimbia. Alisikiliza upande wa baba yake, akasikiliza wangu, akamtazama mtoto. Mbuzi akachinjwa kuondoa mkosi. Kisha akapanda na nyundo na msumari, akatoboa bati langu jipya, akachomeka kijiti. Uchungu wa ule msumari niliusikia mwilini. Tundu likavuja tangu mvua ya kwanza, nami nikaweka sufuria chini yake. Kitanda cha binti yangu kilikuwa upande mwingine, pakavu, na baba mkwe hakudai tena bati lishuke.

Watu wa ng'ambo waliotucheka kwa tundu hilo ndio waliokuja kumwulizia fundi. Bati moja ng'ambo, bati la pili, mwisho kilima kizima. Vijiti hawakuweka; nani atoboe bati jipya? Walisema wametupita akili, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ni kweli.

Mume wangu alikufa tukiwa wazee. Ndugu zake walipanda asubuhi wakaking'oa kijiti. Nikakaa mlangoni, macho ng'ambo, nikisubiri kile kilio kishuke bondeni kama zamani. Jua likapanda. Paa za ng'ambo zilimetameta zote, na hakuna mtu aliyetoka. Nani alikuwa bado anatazama paa la jirani? Niliumia, na sikuwa na wa kumlaumu, maana mimi ndiye niliyeanza.

Ndani, wajukuu walikuwa wamelala pakavu. Bati sikulijutia.

Mjane kwetu haondoki nyumbani kabla ya mazishi. Niliambiwa hivyo na kila aliyekuwa uani. Nikafunga kanga, nikachukua fimbo ya mume wangu, nikashuka mtoni kwenda kuwaambia wa ng'ambo mwenyewe, nyumba kwa nyumba.