Koti la Bosi

Kabla hajawa mbeba bunduki alikuwa na jina kama watu wote, jina alilopewa na baba yake. Porini jina hilo halikumaliza hata msimu mmoja. Watu wakamwita Kosalangu, na wakimwita hivyo anaitika.

Alilipata kwa bosi wake. Bosi huyo alikuwa tajiri wa kiwanda cha milango katika nchi ya mbali yenye baridi, na kila mwaka alikuja kwa ndege kuwinda, na bunduki zake mwenyewe zimelala kwenye sanduku refu jeusi kama maharusi. Alikuwa mtu mpole, hasa akishiba, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakujua kulenga. Aliweza kuukosa ukuta akiwa sebuleni. Kuna mwaka alimfyatulia nguruwe pori aliyekuwa amelala, risasi ikapita juu, ikakata tawi, tawi likamwangukia nguruwe mgongoni, nguruwe akajigeuza upande wa pili akaendelea na usingizi wake. Watu wa kambini wanaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, na anayebisha akamuulize nguruwe.

Bosi akikosa, hageuki haraka. Anageuka taratibu, anamtazama mbeba bunduki wake, nyusi moja juu, kama mtu anayesubiri chenji yake dukani. Hasemi neno. Naye mbeba bunduki, bila kupepesa, anasema: "Kosa langu, bosi. Nimekohoa." Siku nyingine amekanyaga kijiti. Siku nyingine amepumua vibaya. Wageni wa bosi wanatikisa vichwa: maskini, kapewa mtu mwenye kifua kibovu. Na mnyama akianguka, maana zilikuwapo siku ambazo wawili hao walifyatua kwa pamoja na risasi iliyoingia ikawa ya aliyesimama nyuma, basi ni "Bosi, umemmaliza," na picha inapigwa, Kosalangu akiwa pembeni ya picha ameshika kofia.

Kifua chake hakikuwa na kasoro hata kidogo. Mtu huyu angeweza kumsikia sisimizi akibadilisha mguu. Lakini alikuwa na binti mmoja tu, na ada ya binti huyo ilitoka kwenye kikohozi hicho. Alikohoa binti akamaliza shule ya msingi. Akakohoa akamaliza sekondari. Akakohoa kikohozi kirefu kuliko vyote, binti akaenda kusomea uuguzi ng'ambo, katika mji uleule wa bosi, maana bosi ndiye aliyemwandikia barua chuoni. Huko akapata kazi, akapata mume, na hakurudi tena. Baba yake akabaki kumwona kwenye kioo cha simu, kichwa kikubwa, miguu hakuna. Halafu akazaliwa mjukuu, naye akawa kichwa kwenye simu.

"Huyu mtoto ana miguu kweli?" Kosalangu alikuwa akimuuliza mkewe.

"Anayo. Nimeiona Jumapili, wewe ulikuwa porini unakohoa."

Mke huyo alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulikuwa na ncha kuliko sindano zake.

Sasa mwaka mmoja, msimu ukiwa unaisha, bosi akamwita mezani mbele ya wageni. "Safari hii unakwenda na mimi," akasema. "Kwetu kuna uwindaji wa milimani, na wenzangu wa klabu wanataka kumwona mtu wangu. Utanibebea bunduki wiki mbili, halafu nakuacha kwa binti yako wiki nzima. Tiketi juu yangu."

Kosalangu alisikia masikio yakivuma. Usiku ule hakuota ndege wala milima. Aliota vidole vya miguu vya mtoto, vimepangwa vizuri, hakuna kilichopungua.

Kwa ajili ya baridi bosi akavua koti lake la kuwindia, akampa. Koti zito la kijani, lenye mifuko kila mahali, mpaka mgongoni. Mkewe alilipokea akaligeuza ndani nje kwa jicho la fundi.

"Bitana imeachia huku chini. Na huu mfuko una tundu. Umeikagua hii mifuko?"

"Mifuko ya bosi haikaguliwi."

"Si koti lako sasa?"

"Ni langu, lakini mifuko ni ya bosi."

Mke akamtazama kama anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Lakini mume wake hakuwa akitania. Ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi yake: mbeba bunduki anashika bunduki ya bosi, anashika kofia yake, chupa yake ya maji, hata meno yake ya bandia akiombwa, ila mkono wake hauingii mfukoni mwa bosi. Alishaona mwenzake akimwaga unga kwa sababu ya kutafuta kiberiti tu. Basi vitu vyake vyote, simu, hati ya kusafiria, picha ya mjukuu, akavitia kwenye mfuko wa shati. Mifuko ya koti akaiacha kama ilivyo. Mkewe alitaka kuishona ile bitana, akaambiwa aache, lisije likaharibika koti la watu.

Kazi yake aliifanya kama alivyoizoea. Alizisafisha bunduki mpaka ukitazama ndani ya mtutu unajiona ulivyokuwa mtoto. Akavitoa vile vyuma vya kufungia risasi, akavilaza mahali pake kwenye sponji. Risasi akazihesabu, akazirudia, akaziweka kwenye sanduku dogo la peke yake, kwa kuwa ndege haikubali bunduki na risasi zilale kitanda kimoja. Kisha akachana kitambaa chekundu kutoka kwenye gauni la binti yake la utotoni, akakifunga kwenye mpini wa sanduku refu. Akampigia simu.

"Mwanangu, ukisimama pale wanapotokea wageni, usihangaike na sura. Nimezeeka. Tazama sanduku refu jeusi lenye kitambaa cha gauni lako. Mimi nitakuwa nyuma yake."

"Nitasimama mbele kabisa, baba. Na mtoto nitamleta."

Uwanjani bunduki zilipokewa kama wakwe. Mkuu wa zamu mwenyewe aliinuka kwenye kiti. Sanduku likafunguliwa, namba zikasomwa na kulinganishwa na kibali, darubini zikasifiwa, kufuli likafungwa mbele ya bosi na ufunguo akabaki nao bosi. Watu wawili wakalibeba, mmoja mbele mmoja nyuma, wakitembea kwa kukanyagia vidole. Kosalangu alikitazama kitambaa chekundu kikiyumba mpaka kikaingia mlango wa nyuma. Zilipokwisha kwenda bunduki, ikabaki foleni ya watu, na watu hawakuinukiwa na yeyote.

Wakafika kwenye mashine ya ukaguzi. Bosi akapita kwanza, akawa upande wa pili anavaa mkanda wake. Kosalangu akavua viatu, akavua koti, akalilaza kwenye beseni. Mkanda wa mashine ukaenda mbele. Ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaenda tena.

Askari wa kike aliyekuwa pale akalichukua koti, akapapasa mifuko, hakuna kitu. Akapapasa chini kwenye pindo, pale bitana ilipoachia, vidole vikasimama. Akaingiza mkono kwenye lile tundu, akauzungusha kama anayetafuta yai chini ya kuku, akatoa risasi moja. Ndefu, ya shaba, ya bunduki kubwa ya bosi.

"Baba," akasema kwa sauti ya kawaida tu, "hii ni ya nani?"

Kosalangu akainua macho. Upande wa pili wa mashine bosi alikuwa amekwisha kuiona. Alijua ni yake. Alijua pia kwamba akisema ni yake, sanduku litateremshwa kwenye ndege, kibali kitafutwa, na mwakani hakuna wa kumruhusu aingie hata na manati. Hakusema neno. Aligeuka taratibu, akamtazama mbeba bunduki wake, nyusi moja juu.

Na mdomo wa Kosalangu ukafunguka wenyewe, kama mlango wa duka lenye mazoea.

"Yangu," akasema. "Kosa langu."

Neno likatoka likasimama hapo katikati, na yeye akalitazama kama wengine walivyolitazama. Alitaka kulirudisha. "Yaani, koti nimepewa," akasema. "Nimepewa na huyu bosi hapa, mwulizeni." Lakini askari wa pili alikuwa ameshamshika kiwiko, na yule wa kike alikuwa akimuuliza bosi, "Mnasafiri pamoja?"

"Ni mtu wangu wa kazi," bosi akasema. Akafikiri kidogo. "Koti nilimpa. Vilivyomo ndani sijui. Nilimwambia awe mwangalifu."

Kisha akatazama saa yake, akamwambia Kosalangu kwamba wataongea kwa simu, akaondoka kuelekea kwenye ndege. Hakukimbia. Alitembea mwendo wake uleule wa kurudi kambini jioni, mtu aliyekosa mnyama na akapata sababu.

Walimweka kwenye chumba chenye kiti cha plastiki na feni isiyozunguka. Askari wa zamu hakuwa mtu mbaya.

"Mzee, mtu anasahauje risasi kwenye koti? Wewe kazi yako si bunduki?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Na hukukagua mifuko?"

Kosalangu akatazama viatu vyake. Juu ya paa ndege ikanguruma, na kwa masikio yale yanayomsikia sisimizi akaisikia ikipanda, ikipinda, ikiisha.

Binti yake alisimama mbele kabisa, kama alivyoahidi. Abiria wakatoka na kutoka. Kisha akaliona sanduku refu jeusi juu ya toroli, na kitambaa cha gauni lake kinaning'inia. Akamwinua mtoto juu ya vichwa vya watu. "Yule pale babu," akamwambia, "anakuja." Mtoto akapunga mkono kama alivyofundishwa. Nyuma ya sanduku akatokea bosi, na nyuma ya bosi hakuna mtu.

"Pole sana," bosi akamwambia. "Baba yako amekamatwa na risasi kwenye koti. Hata sisi imetushangaza."

Alimwambia mbele ya mume wake na mbele ya mama mkwe, waliokuja wamevaa nguo nzuri.

Kosalangu alilala ndani siku kadhaa, akafikishwa kwa hakimu, akakiri, kwa kuwa alikuwa ameshakiri. Akatozwa faini, na hati yake ya kusafiria ikachukuliwa. Mkewe alikuja kumtoa. Njia nzima hakumwambia "nilikuambia." Kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona turubai kwa mkono, na mume akalisikia neno hilo kila hatua waliyopiga.

Msimu mpya ulipofika, bosi akaja, na Kosalangu akaenda kambini, maana kazi nyingine hakuwa nayo. Sanduku lilishushwa, kitambaa chekundu bado kipo, kimefifia upande mmoja. Bosi akampiga begani.

"Yale yamepita," akasema. "Lakini koti langu liko wapi?"

"Walilichukua, bosi. Ushahidi."

"Lilikuwa koti zuri."

Asubuhi iliyofuata wakatoka na wageni watatu wa klabu. Wakamkuta nguruwe pori mzee, mkubwa kama kochi la watu watatu, amesimama ubavu, anatafuna, hana haraka na maisha. Hata mtu aliyefumba macho asingemkosa. Bosi akalenga, akafyatua. Vumbi likaruka huko mbali, kusikohusika. Nguruwe akainua kichwa, akawatazama mmoja mmoja, akaondoka kwa miguu.

Bosi akageuka taratibu. Nyusi moja juu.

Kosalangu akanyamaza. Wageni wakasubiri. Nyusi ikapanda zaidi.

"Umekohoa," bosi akamsaidia.

"Sijakohoa, bosi. Umekosa."

Mmoja wa wageni akacheka, akajizuia akiwa amechelewa. Shingo ya bosi ikawa nyekundu kuliko kitambaa. Hakugomba. Kabla ya chakula cha mchana msimamizi wa kambi alikuwa ameshamwambia Kosalangu akusanye vitu vyake. Akakusanya. Akapita kwenye sanduku, akafungua fundo, akatia kitambaa mfukoni mwa suruali yake.

Jioni binti akapiga simu. Tangu siku ile walikuwa wakiongea habari za afya na hali ya hewa tu, kama majirani waliogombana. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kumnong'oneza yaliyotokea kambini.

"Baba, ile risasi ilikuwa ya nani?"

"Ya bosi."

"Mwaka mzima, baba. Mwaka mzima hapa ukweni nimekuwa mtoto wa mtu wa risasi. Mama mkwe akija anauliza kama mtakuja, halafu anamtazama mwanawe. Kwa nini ulisema yako?"

Alitafuta jibu, na lililokuwapo lilikuwa moja tu, lile alilolitumia maisha yake yote. Likafika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Alinitazama," akasema.

Binti akaigeuza simu kwenye kitanda cha mtoto. Alikuwa amelala kifudifudi, shuka limepanda, na miguu yote miwili ilikuwa nje. Kosalangu akamwita mkewe, naye akaacha cherehani akaja. Wakaitazama ile miguu mpaka bando likaisha.