Rangi ya Asali

Kila nikipita garaji ya mtaa wetu wa Keshero na kusikia harufu ya chuma cha moto kikizimwa majini, ninaharakisha mwendo.

Papa alikuwa muhunzi. Mama alipasua mawe ya volkano kwa tindo. "Ukisha kuizima tindo majini, irudishe motoni kidogo mpaka ipate rangi ya asali," papa alinifundisha. "Bila hivyo itakuwa ngumu, lakini itavunjika kama chupa, zaidi asubuhi ya baridi."

Asubuhi moja ya baridi papa hakuwepo, nikachonga ncha ya tindo ya mama motoni peke yangu. "Leta basi, mutoto, jua linapanda!" mama akaita. Nikaizima tindo, nikampelekea hivyo hivyo, bila kuirudisha motoni.

Nyundo ilipogonga mara ya kwanza tu, kipande cha tindo kikaruka. Mama akashika jicho la kushoto.

Hadi leo, nikimsalimia, ninasimama kulia kwake.