Mzee Awadhi na Mfereji wa Kibokoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mfereji wala bomba. Nilipewa ufagio. Karakana yetu ya matengenezo ilikuwa Shimanzi, katikati ya maghala, na kila lori lilipopita mlangoni vumbi liliingia mpaka ndani ya masanduku ya spana. Nilikuwa kijana niliyetoka Matuga, sijapata kuishi nyumba yenye maji ya mfereji. Kwetu tulichota kisimani. Msimamizi wa Karakana alisimama akinitazama nikifagia, kisha akaniuliza, "Jina lako nani?"

"Hamisi, bwana."

"Hamisi, hapa maji hayatengenezwi kwa nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia bado. Utasikia."

Huyo ndiye Mzee Awadhi. Wakati huo hakuwa mzee, lakini tulimwita hivyo kwa heshima. Alikuwa Mwarabu wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, wa jamaa waliokaa Mombasa vizazi na vizazi. Kofia yake ilikuwa safi kila siku, hata awe ametoka kulala chali chini ya sinki. Hakupandisha sauti. Ukikosea alikuwa akikunyang'anya spana polepole, anaifanya kazi mwenyewe huku wewe unatazama, kisha anaifungua yote tena na kukurudishia uanze upya. Adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko matusi.

Karakana yetu ilihudumia nyumba za wafanyakazi wa bandarini, upande wa Kilindini. Malalamiko mengi yaliyotufikia yalikuwa ya namna moja: mfereji wa bafuni unavuja. Nawaeleza vijana mnaosoma haya namna tulivyofanya, maana kazi hii mtu anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwake akiwa na subira.

Kwanza unafunga koki kuu, ile inayoruhusu maji kuingia nyumbani. Kisha unaufungua mfereji ili maji yaliyobaki yatoke. Unaziba tundu la beseni kwa kitambaa, kwa sababu skrubu ndogo ikianguka humo umekwisha kuipoteza. Unaondoa kishikio, unalegeza kichwa cha mfereji kwa spana, unatoa shina lake. Mwisho wa shina pana raba ya duara, sisi tuliiita washa. Hiyo raba hukalia mdomo wa shaba uliomo ndani ya mfereji, nao huitwa kiti, na hapo ndipo maji huzuiwa. Raba ikichakaa, matone hayakomi. Wenye nyumba hukaza, na kila wakikaza raba hupondeka zaidi, mwisho kiti chenyewe kinaliwa.

"Pitisha kidole," Mzee Awadhi alikuwa akituambia. "Jicho litakudanganya. Kiti kikiwa laini, badilisha raba, paka grisi kidogo, rudisha. Kikiwa na mikwaruzo, usimdanganye mwenye nyumba. Ng'oa mfereji wote, tia mpya."

Na kuhusu kukaza alisema hivi, tena mara nyingi: "Ukikaza mno umeua raba. Ukilegeza mno umewaudhi watu. Katikati ya hayo mawili ndipo penye kazi."

Baadaye Mkuu wa Matengenezo alinihamishia Liwatoni, kwenye majengo ya wavuvi, ambako chumvi na magamba ya samaki hayakuacha mfereji hata mmoja udumu. Huko nilijifunza kuzungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba, yaani ile michongo ya kukazia iliyo nchani mwake, kwa kufuata upande zinakokazwa, na pale ambapo tepu haikufaa tukatumia nyuzi za katani. Karakana ilipofungwa sote tulitawanyika. Mzee Awadhi alikuwa amekwisha kustaafu. Mimi nikaendelea peke yangu, fundi wa kuitwa, na wateja wangu wengi wakawa wa Mji wa Kale. Nyumba za huko ni za mawe, mabomba yamepitishwa ukutani na watu waliokufa zamani, na nyingine bado zinatumia maji ya kisima yenye chumvi inayokula shaba kama mchwa alavyo mbao.

Kila nilipopita Kibokoni niliingia kumsalimu. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliishi na bintiye Salma, mwalimu wa madrasa, kwenye orofa ya juu ya nyumba yao. Chini alipanga mama mshonaji. Tulikunywa kahawa, akaniuliza habari za kazi, nami nikampelekea mafumbo ya mabomba yaliyonishinda. Alikuwa akiyafumbua bila kuyaona.

Kisha akaanza kuniuliza habari ileile mara mbili katika kikombe kimoja cha kahawa. Siku nyingine aliniita kwa jina la nduguye. Nilicheka, naye akacheka, lakini Salma hakucheka.

Asubuhi moja Salma alinipigia simu. "Mzee Hamisi, njoo tafadhali. Baba amefungua mfereji wa bafuni na maji hayazuiliki."

Nilipofika ngazi zilikuwa zikichuruzika. Mama mshonaji alikuwa barazani akikamua vitambaa vya watu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye koki kuu nikaifunga, ndipo nikapanda juu. Mzee Awadhi alikuwa amesimama katikati ya bafu, kikoi kimelowa mpaka kiunoni, spana mkononi. Kichwa cha mfereji kilikuwa sakafuni.

"Nani kafungua maji?" akaniuliza. "Nimewaambia wasifungue maji nikiwa kazini."

Mtu huyu ndiye aliyetufundisha kuanzia kwenye koki. Nilimwondolea spana mkononi polepole, Salma akampeleka kubadilisha nguo.

Muda si mrefu akaja Faraj, kaka yake Salma, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alitazama dari la chini lililolowa, akatazama ngazi, akakaa kwenye kiti.

"Nimesema zamani," alisema. "Aje kwangu Tudor. Leo ni maji, kesho itakuwa jiko la gesi."

"Hapa ndipo alipozaliwa," Salma akajibu. "Ukimtoa hapa utakuwa umemmaliza."

"Na akianguka kwenye ngazi hizo wewe ukiwa madrasa? Nani atakuwa amemmaliza?"

Wote wawili walimpenda. Niliwaona wakigeuza nyuso, kila mmoja akijifuta machozi kivyake. Mimi si wa nyumba ile. Nilisema tu, "Kwanza tumalize mfereji. Niacheni nimalize pamoja naye."

Nilimwita. Alikuja amevaa kanzu kavu, akakaa juu ya kigoda karibu na beseni. Nikampa shina la mfereji. Vidole vyake, ambavyo asubuhi ile vilishindwa kufunga kifungo, viliitoa raba, vikaigeuza, vikaitupa. Kisha akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya mfereji akafumba macho.

"Kiti kimeliwa," akasema. "Upande wa kulia. Hapa raba mpya haitakaa. Ng'oa."

Nilipitisha kidole changu baada yake. Ilikuwa hivyo hasa. Tukaung'oa mfereji. Mimi niliingia chini kulegeza nati, yeye akausafisha uzi wa bomba kwa kitambaa. Nilipouweka mpya alinishika mkono kabla sijamaliza kukaza. "Basi. Usizidishe." Salma alikuwa amesimama mlangoni akitazama kila hatua, akiuliza hiki kinaitwaje, kile kinakwenda wapi. Nikafungua koki kuu. Maji yakaja, tukayafunga, hapakuwa na tone.

Kwa kitambo kile alikuwa Msimamizi wa Karakana, sikuona upungufu wowote. Faraj naye aliona, nikamwona akilegea. Kisha Mzee Awadhi akanawa mikono, akamgeukia Salma kwa furaha. "Mwite mama yako aje aone. Alilalamika sana juu ya mfereji huu."

Salma alimwambia, "Nitamwita, baba." Akaenda jikoni na hakurudi kwa muda.

Salma na Faraj walikubaliana abaki Kibokoni. Niliweka kisanduku chenye kufuli juu ya koki kuu, na Salma akapewa ufunguo, awe anafunga maji ya juu kila atokapo. Lakini mikono ya Mzee ilitaka kazi. Alifungua mfereji wa jikoni, akafungua wa kutawadhia, akaacha vipande mahali ambapo hata yeye hakupajua. Ndipo Faraj akapata wazo, nami nakiri lilikuwa wazo la mtoto anayempenda babake. Alinunua mfereji mpya, akaukaza kwenye ubao, akamletea ili aufungue na kuufunga apendavyo.

Nilikuwapo siku hiyo. Mzee aliupokea ubao, akaugeuza nyuma, akautazama.

"Huu hauna bomba," akasema.

"Ni wa mazoezi tu, baba."

"Mazoezi ya nini?" Alimtazama mwanawe, kisha mimi, kisha Salma. "Mnanichezea?"

Aliuweka ubao sakafuni kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu cha wenyewe, akageuza uso ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikupata kumwona akilia kabla ya hapo, hata kwenye maziko ya mkewe. Ugonjwa ule wa kusahau ulikuwa umemwacha na kiasi cha akili cha kujua kwamba inamwondoka.

Kabla mwaka haujaisha aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alipelekwa Tudor, kwenye nyumba ya Faraj iliyo kwenye jengo la ghorofa lenye lifti. Salma hakubisha tena. Alihamia huko naye, nyumba ya Kibokoni ikabaki na mama mshonaji peke yake.

Mara ya mwisho kufanya kazi mbele yake ilikuwa huko Tudor. Mfereji wa bafuni ulikuwa wa kisasa, wa kunyanyua kishikio kimoja kwa maji moto na baridi. Mifereji ya namna hiyo haina raba ya duara. Ndani ina kitu kama risasi nene ya plastiki, kikiharibika unakitoa chote na kutia kingine cha saizi ileile. Salma aliniambia angeweza kukitoa mwenyewe, ila alitaka nije nimwone babake. Walimleta kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa bafu.

Nilimwamkia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Aliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia fundi wa watu. Nilifunga maji, nikaziba tundu la beseni, nikaendelea. Alinitazama mpaka nilipomaliza na kupangusa.

"Kazi yako safi," akasema. "Nani aliyekufunza?"

Salma akainamisha kichwa. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa.

"Mzee mmoja wa Kibokoni," nikamjibu.

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Mtu akikufunza usimsahau. Ukimwona nisalimie."

"Salamu zitafika, Mzee."

Nilishuka kwa ngazi, sikungojea lifti, kwa sababu sikutaka kusimama na watu.

Alifariki baada ya mfungo. Faraj alitaka aoshwe na jeneza litolewe nyumbani Kibokoni, na hilo dada yake aliliafiki kabla hajamaliza kulisema. Salma alinipigia simu alfajiri. "Mzee Hamisi, maji ya kwetu juu hayajafunguliwa muda mrefu. Tusije tukaaibika." Nilitangulia kabla ya watu kufika. Nilifungua koki kuu ya orofa yao kidogo kidogo, nikaacha maji yenye kutu yamwagike mpaka yakawa meupe, nikaunga mpira wa maji mpaka chumba alicholazwa. Waoshaji walipoanza nilisimama nje ya pazia nikiushika mfereji. Sauti ya Faraj ilikuja kutoka ndani, "Punguza kidogo." Nikapunguza. "Basi. Hapo hapo." Nikauweka hapo mpaka walipomaliza.

Mimi nami nimestaafu. Magoti hayakubali tena kuingia chini ya sinki, na macho hayaoni uzi wa bomba bila miwani mbili. Salma amerudi Kibokoni. Mfereji wake ukivuja huufungua mwenyewe, na wanawake wa mtaani humwita awaoneshe, jambo ambalo zamani tungelionea ajabu. Mara moja moja hunipigia simu kuniuliza raba ya saizi gani. Nyingine nadhani huniuliza huku anajua jibu, apate tu kulitaja jina la babake na mtu aliyemjua.

Watu huniuliza kama naitamani kazi. Siitamani. Nilifanya ya kunitosha. Ila baadhi ya siku, nikipita mtaani na kusikia tone linaanguka kwenye beseni la mtu, mkono hunyanyuka wenyewe. Kisha nakumbuka kwamba hata nikiingia nikautengeneza, na hata nikiukaza kupita kiasi, hapana tena duniani mtu wa kunishika mkono na kuniambia basi.