Waya za Kijani

Nilikuwa kidato cha pili mama aliponitoa Iringa hadi Mbeya kwa daktari wa meno. Meno yangu ya juu yalichomoza kiasi kwamba nikifunga mdomo, yenyewe yanabaki nje yakiangalia watu.

Daktari alituonyesha raba ndogo za kushikilia waya za kunyoosha meno, kila rangi.

"Kijani," nikasema.

"Za rangi ya meno," mama akadakia. "Zisionekane, daktari. Watu watasema tunajidai."

"Sasa mama, zisipoonekana, watajuaje kama ninazo?"

Shuleni kwetu waya za meno zilikuwa alama ya watoto wa kishua, wale wa kwao wana hela. Msichana mmoja bwenini alikuwa anakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti, anaibandika menoni, ndipo anapiga picha. Mimi nilipata za kweli, halafu nizifiche? Daktari alicheka, akaniwekea za kijani. Mama hakunisemesha mpaka Makambako, nusu ya njia ya kurudi.

Kesho yake midomo ilikuwa imevimba, kusema siwezi. Jirani alipouliza nimepatwa na nini, mama akajibu kwa aibu, "Aa, mambo ya hospitali tu."

Hilo jibu lilitosha. Jioni wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa waliingia sebuleni na chupa ya uji wa ulezi na maparachichi.

"Pole, mwanangu. Hiyo pikipiki ilikugongea wapi?"

Nikamtazama mama. Mama akatazama zulia. "Tunamshukuru Mungu," akasema.

Wakasimama kuomba. Mmoja akanishika taya kwa nguvu, nikapiga yowe, na maombi yakazidi kupamba moto. Walipoondoka nilimgeukia mama.

"Umewadanganya!" nikasema, japo ilitoka kama mluzi.

"Nimesema tunamshukuru Mungu. Uongo uko wapi?" Akajimiminia uji.

Jumapili, kabla ya matangazo, mchungaji akaniita mbele ili usharika umshukuru Mungu kwa kuniokoa kwenye ajali. Nikaenda mbele. Nyuma yangu nikasikia benchi la kwaya, anakoimba mama, likilia, kumbe ameshasimama.

"Mchungaji, samahani. Hakuna pikipiki. Ni waya za kunyoosha meno. Niliona haya kusema." Akanigeukia. "Fungua mdomo wakuone."

Nikafungua. Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa huruma kabisa, "Sasa mbona zimeota ukungu?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani kujifuta macho. Mama naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Baada ya ibada nilidhani tutakimbilia nyumbani. Wapi! Wanawake walituzunguka nje kwenye baridi, wengine wakiinua midomo ya watoto wao: "Na huyu je, anafaa?" Mama akageuka mtaalamu. Alinishika kidevu akanigeuza kuelekea jua, akieleza waya inavuta wapi na raba inabana wapi, na kwamba kijani ndiyo inayopendeza zaidi kwa vijana. Mate yalinichuruzika hadi kwenye kola. Nikajaribu kufunga mdomo.

"Tulia wewe," akasema, akinipanua mdomo tena. "Hawajaona ya chini."